Kutu imekula gari: ulitengeneze au uachane nalo?

Usianze na bei ya rangi. Linyanyue gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha ingia chini na tochi na bisibisi. Gonga chasisi, sakafu, na hasa pale springi na mikanda ya usalama inaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito, na bisibisi huzama.

Land Rover za zamani huwadanganya wengi. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, kwa hiyo madigadi yanaweza kung'aa huku chasisi ya chuma ikiliwa kwa ndani, matope na chumvi ya pwani vinapotuama.

Kutu ya mlango au buti inatibika: kata mpaka ufike chuma safi, chomelea bati jipya, paka praima pande zote. Fundi akitaka kuziba tundu kwa puti tupu, mkatalie. Puti hunyonya unyevu na kutu huendelea chini yake.

Chasisi ikiwa imeoza kwenye mashikio ya springi na hupati nyingine nzima, uza vipuri. Gari hilo lisirudi barabarani.