Safu Katika Python: Weka Mauzo ya Wiki Chini ya Jina Moja

Ukiuza maandazi, hununui daftari jipya kila asubuhi ili kuandika mauzo ya siku hiyo. Unaendeleza lilelile, mstari chini ya mstari. Safu katika kompyuta hufanya kazi ya daftari hilo: jina moja linabeba hesabu nyingi kwa mpangilio. Katika Python, lugha ya kompyuta ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, safu ya kawaida huitwa orodha.

Gharama yake? Python ni bure, utalipia bando tu. Ishushe kutoka python.org, kisha fungua IDLE, dirisha la kuandikia linalokuja nayo. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Pydroid 3, nayo ni bure. Andika:

mauzo = [12000, 8500, 15000, 9000, 11000]

Mabano ya mraba hufungua na kufunga orodha, na mkato hutenganisha kiasi kimoja na kingine. Kwa sababu hiyo usiandike 8,500 kama ulivyozoea dukani. Python itasoma vitu viwili, 8 na 500, wala haitakuonya.

Utapataje mauzo ya siku ya kwanza? Andika mauzo[0]. Ndiyo, sifuri. Wengi wanaoanza hukwama hapa, basi tusiharakishe. Namba iliyo ndani ya mabano haisemi kitu ni cha ngapi. Inasema uruke vingapi kutoka mwanzo ili ukifikie. Kukifikia cha kwanza huruki chochote. Itazame rula: sentimita ya kwanza huanzia kwenye sifuri. Kwa hiyo katika siku tano, ya mwisho ni mauzo[4].

Ukiandika mauzo[5] utaona maandishi yenye neno IndexError. Usiogope, hujaharibu kitu. Umeomba nafasi ambayo haipo. Ukitaka ya mwisho bila kuhesabu, mauzo[-1] hukupa hiyo daima.

Siku ya sita ikifika, ongeza mwishoni:

mauzo.append(14000)

Sasa sum(mauzo) itakupa jumla, 69500, na len(mauzo) itakuambia siku ni 6. Ulikosea siku ya pili? Andika mauzo[1] = 8700, na kiasi cha zamani kitafutika.

Je, ukitaka kubaki na nakala kabla ya kurekebisha? Usiandike nakala = mauzo. Hapo umelipatia daftari lilelile jina la pili, na ukifuta huku, kule nako kumefutika. Andika nakala = mauzo.copy(), utapata daftari la pili kwelikweli.

Jambo la mwisho, nalo ni zito: orodha hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na ukifunga dirisha inapotea yote. Ndani ya IDLE chagua File, halafu New File, andika kazi yako humo na uihifadhi kwa jina mauzo.py. Fanya hivyo kabla hujaingiza mauzo ya wiki nzima.