Utabiri wa hewa usiishie redioni: uunganishe na kazi ya duka lako la dawa

Ukitaka kujua kama kesho kutakuwa na jua kali au mvua, huna shida. Redio itakuambia, runinga itakuonyesha ramani, na simu yako ya mkononi haikosi picha ya wingu au jua. Shida huja baadaye. Je, ni nani mahali pako pa kazi atakayefanya jambo tofauti kesho kwa sababu ya habari hizo? Aghalabu ni hakuna.

Pengo hilo si dogo pale kazi inapohusu afya za watu. Mwaka wa 2006, watafiti waliochunguza data za setilaiti kuhusu mvua, mimea na joto la bahari walitoa tahadhari juu ya Homa ya Bonde la Ufa wiki mbili hadi sita kabla ya ugonjwa huo kutambuliwa katika eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya. Hata hivyo, kati ya tarehe 30 Novemba 2006 na 12 Machi 2007, nchi hii iliandikisha wagonjwa 684, na 155 miongoni mwao wakafariki. Kutabiri ni kazi moja. Kuifikisha habari kwa anayepaswa kutenda, naye akatenda mapema, ni kazi nyingine kabisa.

Kuzuia mkurupuko wa ugonjwa ni jukumu la serikali. Lakini mwenye biashara ndogo inayogusa afya anaweza kuziba pengo hilo katika kazi yake, na siku hizi halazimiki kujua kuandika programu za tarakilishi.

MFANO WA INSULINI

Tuseme una duka la dawa mjini Mombasa na unawapelekea wateja wa kisukari insulini kwa bodaboda. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Safari moja ya dakika kumi haitaiharibu. Kinachoiharibu ni kuachwa juani kwa saa nyingi ndani ya sanduku jeusi la pikipiki huku mwendeshaji akizungukia wateja wengine. Joto huila nguvu yake, na ubaya ni kwamba mara nyingi huwezi kuona tofauti kwa macho. Mgonjwa hujidunga kipimo kilekile, sukari inapanda, naye anadhani ni chakula alichokula jana.

Sasa, duka lako tayari lina jedwali la oda, pengine katika Google Sheets, na waendeshaji wako wanapokea maagizo kwa simu. Utabiri wa joto la kesho nao uko kwenye mtandao. Vitu hivi vitatu havijuani. Huduma kama Zapier, Make na n8n ndizo zinazovijulisha. Unafungua akaunti, kisha unapanga hatua kwa kubofya na kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kama mtu anayejaza fomu.

Hatua ya kwanza ni saa: kila siku jioni kazi ianze. Ya pili ni kuomba data ya kesho kwa huduma ya hali ya hewa. Ya tatu ni sharti: ikiwa joto la juu kabisa la kesho litafika kiwango fulani, endelea, la sivyo, koma. Ya nne ni kuchambua jedwali na kutoa oda za kesho zenye dawa za friji. Ya mwisho ni ujumbe kwa mwendeshaji: 'Kesho joto kali. Dawa za friji zipelekwe kabla ya saa nne asubuhi, ndani ya kasha la baridi.' Ikiwa mwendeshaji hana intaneti kila wakati, zipo kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi ambazo hupokea maagizo kutoka kwa tarakilishi na kuyatuma kama SMS.

Mvua nayo ina sharti lake. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na barabara zikijaa maji dawa haitembei. Ikiwa mvua kubwa inatarajiwa, mgonjwa anayekaribia kumaliza dawa apelekewe siku moja mapema.

KIWANGO KIWEKWE NA NANI?

Hapa ndipo wengi huharakisha. Kiwango cha joto si jambo la kijana anayejua tarakilishi. Ni la mfamasia. Na afikirie mahali alipo. Ukiweka nyuzi 30 Mombasa, mwezi wa Februari na Machi ujumbe utalia karibu kila siku, na mwendeshaji atazoea kuufuta bila kuusoma. Afadhali kasha la baridi liwe sheria ya kila siku katika msimu wa joto, kisha ujumbe uachiwe siku ambazo ratiba yenyewe yapaswa kubadilika, tuseme kuanzia nyuzi 33. Kumbuka pia kwamba joto linalotajwa katika utabiri ni la kivulini. Sanduku lililo juani huwa na joto zaidi.

Na hilo kasha la baridi nalo lina hatari yake. Dawa isiguse barafu moja kwa moja. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikishayeyuka na kuonekana kuwa sawa.

MITEGO MITATU YA DATA

Huduma za data huomba latitudo na longitudo ya mahali pako. Mombasa ni -4.04 na 39.67. Ile alama ya kutoa inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, utakuwa ukiletewa hali ya hewa ya kusini mwa Ethiopia, na hakuna kitakachokuambia kuwa umekosea, kwa maana nambari zitakuja vizuri tu kila jioni.

Mtego wa pili ni kipimo. OpenWeather, kwa mfano, hutoa joto kwa kipimo cha Kelvin usipoiomba Selsiasi. Nyuzi 32 zetu huwa 305 kwa Kelvin, kwa hiyo sharti lako la 'zaidi ya 33' litatimia kila siku ya mwaka, hata wakati wa baridi ya Julai.

Wa tatu ni saa. Nyingi za huduma hizi huhesabu saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya za Kenya kwa saa tatu. Ujumbe uliokusudia utoke saa kumi na mbili jioni utatoka saa tatu usiku, duka limefungwa. Tena tarakilishi haizijui saa zetu za Kiswahili, kwa hivyo saa kumi na mbili jioni iandike 18:00. Chagua saa za Nairobi katika mipangilio, kisha ujaribu.

Kuhusu gharama, huduma nyingi za kuunganisha zina kiwango cha bure chenye kikomo ambacho huweza kutosha duka dogo. Lakini soma masharti. Open-Meteo hutoa data bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara tu. Mwenye duka hulipia. Isitoshe, huduma hizi za ng'ambo si badala ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti Corner, Nairobi. Idara ikitoa onyo la mafuriko au upepo mkali, fuata hilo hata kama jedwali lako limenyamaza.

SIRI YA MGONJWA

Jina la mtu likiwekwa karibu na neno insulini, umekwisha kutangaza ugonjwa wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo katika ujumbe wa mwendeshaji weka nambari ya oda na alama ya friji, basi. Jina na ugonjwa vibaki dukani. Usiunganishe jedwali lote la wagonjwa na huduma ya nje eti kwa sababu ni rahisi kubofya.

Mwisho, jihadhari na ukimya. Akaunti ikiisha muda, au jedwali likibadilishwa jina la safu, kazi hukoma kimyakimya. Usipopata ujumbe utadhani hakuna joto. Dawa yake ni kuagiza ujumbe mfupi uje kwa mfamasia kila jioni, joto liwepo lisiwepo: 'Kesho nyuzi 31, hakuna mabadiliko.' Jioni usipoupata, piga simu dukani, na asubuhi dawa zote za friji zipelekwe kana kwamba joto ni kali mpaka hitilafu itakapopatikana.