Mtoto Aanzapo Kula: Vyombo Vimfaavyo

Mtoto atimizapo umri wa miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Yapasa aongezewe chakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka afikapo miaka miwili au zaidi. Hapo ndipo wazazi huenda dukani kutafuta vyombo, na wengi hurudi na chupa yenye chuchu ya mpira. Kwa mahali kama Mwakirunge, upande wa Kisauni, ambako taka za Mombasa hutupwa na inzi ni wengi, hicho ndicho chombo kibaya kupita vyote.

Chuchu na shingo ya chupa huficha mabaki mahali ambapo kidole hakifiki, na viini vya maradhi ya kuhara husitawi humo. Tena kuna jambo ambalo wachache hulifikiri: uji hauwezi kupita katika tundu la chuchu mpaka uwe mwepesi kama maji. Tumbo la mtoto hujaa, na mwili wake usipate kitu. Daktari Cicely Williams alilaumu vikali biashara ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga katika hotuba yake huko Singapore mwaka 1939, nayo akaiita "Maziwa na Mauaji".

Kifaacho ni kikombe na kijiko. Watu hustaajabu kuambiwa kwamba mtoto wa miezi sita aweza kunywa kwa kikombe. Aweza, akipakatwa wima, na ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wake wa chini bila kumiminiwa. Kijiko kiwe kidogo, cha chai, kisicho na makali. Nacho ni kipimo pia: kijiko kikiinamishwa, uji ushuke polepole, ukitiririka, ni mwepesi mno.

Mtoto apewe bakuli lake mwenyewe. Kula pamoja katika sinia moja ni desturi njema, lakini mtoto mchanga hana mkono wa kushindana na ndugu zake, wala mama hajui amekula kiasi gani. Mwanzoni vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa kila mlo vyamtosha, mara mbili au tatu kwa siku. Kisha kiasi kiongezwe kidogo kidogo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250.

Vyombo vingine vimo jikoni tayari. Kinu na mchi hutwanga dagaa wakavu waliochambuliwa wakawa unga wa kutiwa ujini (kinu kilichotwanga pilipili kioshwe kwanza!), na kifumbu hukamua tui la kuutia uji nguvu.

Halafu kuna kawa. Ile kawa ya ukili ambayo mabibi waliifunikia chakula, na ambayo vijana wengi sasa huidharau, humzuia inzi barabara, mradi iwe safi. Hata hivyo chakula cha mtoto kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la pwani, na masazo ya bakulini mwake yasiwekwe ale tena. Mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha. Vyombo vioshwe kwa sabuni vilevile, vianikwe juani juu ya uchaga, wala visifutwe kwa kanga ile ile iliyomfuta mtoto pua.