Masomo ya Chuo Kikuu kwa Mtandao: Manufaa na Mipaka Yake



Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali huwa ni lile lile: "Sasa utajiunga na chuo gani?" Zamani jibu lilikuwa Nairobi, Njoro, Maseno au Eldoret. Siku hizi utamsikia mtu akijibu, "Mimi nitasomea nyumbani, kwa mtandao." Wapo watakaomcheka, ati hiyo si shule, ni mchezo wa simu. Wapo nao watakaomwonea kijicho wakidhani amepata shahada ya mteremko. Makundi haya yote mawili yamekosea. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini, maana huenda kesho uchaguzi huo ukawa wako au wangu.

1. Asili ya elimu ya masafa

Elimu ya masafa ni elimu ambayo mwalimu na mwanafunzi hawako mahali pamoja. Wengi hudhani ilizaliwa na tarakilishi. La hasha! Kabla ya mtandao kulikuwa na barua, redio na televisheni.

Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa barua mwaka wa 1946. Mzee Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka wa 1989, akiwa angali kifungoni. Kule Uingereza, Chuo Kikuu Huria kiliundwa mwaka wa 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1971, na masomo yake yakatangazwa na BBC. Kwetu Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu wa shule za msingi walijiendeleza kwa barua na redio bila kuacha kazi. Majirani zetu Watanzania nao walipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka wa 1992.

Kisha ikaja mitambo ya kisasa. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika. Mhadhiri alifundisha akiwa ng'ambo, na mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta akamwona kwa setilaiti. Mwaka wa 2009 nyaya za mtandao zinazopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na mawasiliano yakawa ya haraka kuliko awali. Na mnamo Agosti 3, 2023, Rais William Ruto alikipa Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoko Konza, hati ya kukiidhinisha. Hapo masomo ya mtandao yakawa na chuo chake cha umma.

2. Manufaa yake

Kwanza, huondoa umbali. Kijana wa Mandera au Lamu hana haja ya kukodi chumba mjini ili amsikilize mhadhiri. Nauli, kodi na chakula cha mjini ndivyo huwashinda wazazi wengi, hata pale karo inapopatikana.

Pili, humfaa mwenye majukumu. Mama anayenyonyesha, mwalimu, askari au mfanyabiashara wa sokoni anaweza kusoma usiku kazi zikiisha.

Tatu, somo hurudiwa. Darasani, aibu hutufanya tuitikie "Ndiyo, tumeelewa" hata pale hatukuelewa hata kidogo. Mhadhara uliorekodiwa hauchoki wala haukasiriki. Unaweza kuurudia mara kumi.

Nne, wengi hufikiwa kwa pamoja. Mwaka wa 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake mtandaoni bila malipo, na leo mwanafunzi wa popote duniani anaweza kuvisoma.

Kwa hivyo, anayesema kwamba kusomea mtandaoni ni mchezo hajafanya utafiti.

3. Mipaka yake

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Hebu tutoke kwetu kidogo twende Marekani, kwa maana huko ndiko jambo hili lilijaribiwa na umati mkubwa wa watu.

Mwaka wa 2011, wataalamu Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha somo la akili bandia kupitia Chuo Kikuu cha Stanford, bure, kwa yeyote aliyetaka. Watu wapatao 160,000 walijisajili! Magazeti yalishangilia, wengine wakatabiri kuwa vyuo vya mawe na saruji vimefika mwisho. Lakini waliomaliza walikuwa kama 23,000. Maana yake ni kwamba, katika kila watu saba walioanza, sita hivi waliachia njiani.

Utasema, "Si hata 23,000 ni wengi?" Naam, ni wengi. Swali ni: walikuwa nani? Jibu lilianza kuonekana mwaka wa 2013. Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, kikishirikiana na kampuni ya Udacity aliyoianzisha Thrun, kilifundisha hesabu na takwimu kwa mtandao. Miongoni mwa wanafunzi walikuwemo waliowahi kuanguka hesabu na vijana wa sekondari kutoka jamaa maskini. Baadhi yao hawakuwa hata na tarakilishi nyumbani. Wengi walianguka, na mwezi wa Julai mpango huo ukasitishwa kwa muda.

Sasa linganisha na chuo cha Georgia Tech. Mwaka wa 2014 kilianza kutoa shahada ya uzamili ya tarakilishi kwa mtandao, kwa karo ya takriban dola 7,000 tu. Huko zaidi ya watu 10,000 wamehitimu. Tofauti ni nini? Hawa walikuwa na shahada ya kwanza tayari, na wengi walikuwa na kazi na mshahara. Walikwisha kujua jinsi ya kusoma peke yao. Isitoshe, palikuwa na wasaidizi wa kujibu maswali yao na kusahihisha kazi zao.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Mtambo hubeba somo, haumbebi mwanafunzi. Aliyekwisha kusimama humsaidia atembee mbali zaidi. Anayeyumba huhitaji mkono wa mtu: mwalimu wa kumuuliza, "Mbona wiki hii sijakuona?" na mwenzake wa kumwambia, "Njoo tulifanye hili swali pamoja."

Upo pia mpaka wa vifaa. Sisi Wakenya tuliuonja. Mnamo Machi 15, 2020, serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vyuo vikuu vikahamia mtandaoni. Mwenye tarakilishi na mtandao nyumbani aliendelea. Mwenzake wa darasa lile lile, mwenye simu moja inayotumiwa na jamaa nzima, stima ikipotea na bando zikiisha, alibaki nyuma. Karo ilikuwa moja, mtihani mmoja, lakini elimu mbili.

Julai mwaka huo huo kampuni ya Loon, pamoja na Telkom Kenya, ilirusha maputo yaliyopaa kilomita 20 hivi juu angani ili kuyapa maeneo ya magharibi na kati mtandao. Watu walifurahi. Mwaka wa 2021 mradi ukafungwa kwa kuwa haukuweza kujilipia gharama. Ni funzo kwetu: tukitegemea kitu cha biashara, biashara ikikoma nasi tunakwama.

Mwisho, kuna elimu isiyopita kwenye waya. Huwezi kujifunza kumdunga mgonjwa sindano, kuchomelea chuma au kupima udongo kwa kutazama tu. Ni sharti mkono ushike.

4. Je, tufanyeje?

Mwanafunzi mwenzangu, kabla ya kujiandikisha uliza maswali haya:

(a) Je, chuo hicho na shahada hiyo vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?
(b) Nikikwama, nitamuuliza nani, naye hujibu baada ya muda gani?
(c) Masomo ya vitendo yatafanyiwa wapi?
(d) Je, mihadhara inapatikana pia kwa maandishi? Saa moja ya video yaweza kula mamia ya megabaiti, ilhali kurasa za maandishi hula chache mno.
(e) Je, kuna wenzangu wa karibu ninaoweza kukutana nao kila wiki?

Swali la mwisho usilidharau. Hata vyuo huria vya zamani vilikuwa na vituo vya kukutania, kwa sababu vilijua kwamba upweke huwashinda wengi kabla ya mtihani.

Nasi tusingoje hadi chuo. Anayefanya zoezi bila kusukumwa na mwalimu wa zamu, anayesoma sura ya kesho leo, huyo ameanza kujiandaa. Anayengoja kengele na kiboko cha maneno atapata taabu siku mwalimu atakapokuwa picha ndani ya simu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Msamiati

Mhadhara – somo litolewalo na mwalimu wa chuo kikuu.
Shahada ya uzamili – shahada ya pili, baada ya ile ya kwanza.
Akili bandia – uwezo wa mitambo kufanya kazi zinazohitaji akili ya binadamu.
Bando – kipimo cha matumizi ya mtandao kinachonunuliwa kwa simu.

Maswali ya kujipima

1. Taja njia tatu zilizotumiwa katika elimu ya masafa kabla ya mtandao.
2. Kwa nini wanafunzi wa Georgia Tech walifaulu mahali ambapo wale wa San Jose walikwama?
3. "Mtambo hubeba somo, haumbebi mwanafunzi." Jadili kauli hii ukitoa mifano kutoka kaunti yenu.