Picha Iliyobandikwa Ikasinyaa

SWALI: Nina studio ndogo ya picha Maili Moja, Kibaha. Nikinakili picha ya bibi arusi na kuibandika juu ya mandhari ya msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe, katika Photoshop, huwa ndogo mno; na mara nyingine hakibandikiki kitu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, picha yako haikupungua hata chembe, kwa maana programu huhesabu pikseli wala haijali inchi, hata picha ya pikseli 720, ambayo kwa kipimo cha pikseli 72 kwa inchi ilitanda inchi 10, ikiingia katika mandhari ya pikseli 300 kwa inchi haipati ila inchi 2.4. Usiikuze kwa nguvu, nakusihi, kwani uso wa bibi arusi ni amana mikononi mwako, nao utafifia. Rejea nakala ya asili iliyotoka katika kamera. Ama kutobandikika kitu, sababu aghalabu ni tabaka: amri ya kunakili huchukua tabaka uliloliteua peke yake, nalo likiwa tupu mahali pale, hapana cha kunakiliwa. Teua tabaka lenye picha, au bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+Shift+C, ili yanakiliwe matabaka yote yanayoonekana.