Madini joto na mwanga wa jua

Mimi iodini niliifahamu jikoni tu, kwenye pakiti ya chumvi iliyoandikwa "madini joto". Kumbe ipo hata hewani, na huko jua ndilo linaloiamsha.

Tuanze na rangi. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani. Alipozidisha asidi ya salfuriki, ukapanda mvuke wa zambarau. Nilidhani rangi ile ni urembo tu, kumbe inatueleza jambo: mvuke umemeza mwanga wa kijani na njano, ukatuachia zambarau. Na mwanga uliomezwa una kazi. Molekuli ya iodini ni atomu mbili zilizoshikana kwa ulegevu, basi mwanga huo unazitenganisha. Wala haihitajiki miale mikali ya urujuanimno. Mwanga huu huu tunaosomea unatosha. Jua likiwa kali, molekuli hudumu sekunde kumi hivi, basi.

Kule Mace Head, pwani ya magharibi ya Ireland, maji yakipwa mwani mkubwa hubaki wazi na kutoa iodini. Usiku hukusanyika hewani. Mchana huvunjwa mara moja, na chembe ndogo sana huanza kujitengeneza kwa wingi.

Atomu iliyo huru ikikutana na ozoni huinyang'anya atomu moja ya oksijeni. Ozoni inabaki oksijeni ya kawaida. Baadaye mwanga huifungua tena ile iodini, nayo inarudi kuwinda. (Si kila mzunguko unaoteketeza ozoni, mingine huirudisha. Lakini ile inayoteketeza ndiyo inayohesabika.)

Sasa, ni nzuri au mbaya? Hebu tuangalie ipo wapi. Ozoni ya juu sana hutukinga na miale ya jua, hivyo iodini ikifika huko ni hasara. Ozoni ya huku chini, inayotokana na moshi wa magari na viwanda, huumiza mapafu, na hapo iodini inatusaidia kuipunguza.

Tena ozoni hiyo ya moshi ikigusa bahari huchokoza iodini iliyomo majini, nayo hupanda hewani. Barafu ya zamani ya Alps na ya Greenland imetunza kumbukumbu: tangu miaka ya 1950 iodini iliyonaswa humo imeongezeka karibu mara tatu.