Kwa nini perege wetu hawakui?

Wengi wetu tumechimba bwawa kwa jembe na jasho. Tukapandikiza vifaranga vya perege, tukangoja miezi 6. Siku ya kuvua, loo! Samaki tele, lakini wote wadogo kama kidole. Kosa liko wapi?

Perege huzaa upesi mno. Anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi 3 tu. Jike hutunza mayai mdomoni mwake, kwa hiyo watoto wengi hupona. Basi wazazi na watoto wanagombania chakula kilekile, na wote wanadumaa.

Tufanye nini?

1. Tusijaze bwawa. Mita moja ya mraba inatosha vifaranga 2. Bwawa la mita 10 kwa 20 tulipe vifaranga 400, basi.

2. Tufuge madume tu, maana hukua haraka kuliko majike. Samaki akifikia urefu wa kidole, mgeuze tumbo juu, tazama karibu na mkia. Dume ana matundu 2, jike ana 3. Dume arudi bwawani, jike aende jikoni.

3. Kuchagua kukitushinda, tutie kambare wachache wale watoto wa perege. Lakini kambare wawe wadogo kuliko perege tuliopandikiza. Wakiwa wakubwa, watatumalizia wote!

Bwawa si gunia la kujaza. Samaki wachache walionona ndio kitoweo, ndio fedha.

Maswali:
Kwa nini perege hudumaa?
Utamjuaje dume?